Kwa nini Ćosić hakwenda Lakers

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Unauliza, kama huyo Krešimir Ćosić, mcheza mpira wa kikapu wa Yugoslavia, alikuwa hodari kiasi ninachomsifia, mbona hakucheza NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, hata mechi moja? Na rafiki zako wanacheka, eti hakuna mwenye akili timamu anayewakataa Lakers, timu ya Los Angeles.

Waambie walimtaka kweli. Portland, timu nyingine ya NBA, walimchagua mwaka 1972, Lakers wakafuata 1973. Wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Brigham Young kule Utah, na alikuwa mchezaji wa kwanza asiye Mmarekani kuingizwa kwenye kikosi bora cha vyuo vya Marekani. Alipomaliza akafunga virago, akarudi Zadar, mji wa pwani ya Kroatia alikokulia, wakati huo ndani ya Yugoslavia.

Sasa usimhukumu kwa kanuni za leo. Enzi hizo mchezaji wa NBA hakuruhusiwa kucheza Olimpiki. Ćosić alikwishapata medali ya fedha ya Olimpiki Mexico mwaka 1968, hajatimiza hata miaka 20, na ubingwa wa dunia mwaka 1970. Kusaini Marekani kungemaanisha kuivua jezi ya Yugoslavia. Tena Zadar si mji wa kuuchukulia poa. Wenyeji wana msemo kwamba Mungu aliumba mtu, Zadar ikaumba mpira wa kikapu. Aliporudi wakachukua ubingwa wa ligi 1974 na 1975. Dhahabu ya Olimpiki akaipata Moscow, 1980. Mimi sioni hasara hapo, ingawa pesa, ndiyo, aliziacha.

Uchezaji wake ndio ulionivutia zaidi. Mtu wa mita 2.10, wenzake wa kimo hicho walisimama chini ya kikapu kungoja mpira, yeye anatoka nje, anaukokota, anatoa pasi kama mchezeshaji mfupi. Leo mnaliona jambo la kawaida.

Lakini wewe unasomea ukocha, kwa hiyo nakutaka umtazame Ćosić kocha wa Yugoslavia. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 1986, Madrid. Yugoslavia wanaongoza kwa pointi 9, imebaki chini ya dakika moja. Wasovieti wakatupia mitupo mitatu ya pointi tatu, yote ikaingia! Katikati ya purukushani hiyo Vlade Divac, kijana wa miaka 18, akaushika mpira kisha akaanza kuudunda tena, kosa hilo, mwamuzi akapuliza, mpira ukaenda kwa Wasovieti. Wakasawazishiwa, wakafungwa 91 kwa 90 katika muda wa nyongeza. Makocha wengi wangempeleka kijana yule benchi akasahaulike huko. Mwaka uliofuata, kwenye ubingwa wa Ulaya, Athens, Ćosić akamwita tena, na pembeni yake akaweka vijana wenzake, Toni Kukoč na Dino Rađa. Walirudi na shaba tu, na watu walinung'unika. Baadaye wote watatu walicheza NBA.

Kroatia ilipojitenga na Yugoslavia, Ćosić alipelekwa ubalozini Washington, naibu balozi. Saratani ikamchukua Mei 1995, akiwa na miaka 46. Mwaka uliofuata Wamarekani wakamwingiza kwenye Jumba la Umaarufu la Naismith, la magwiji wa mpira wa kikapu, bila hiyo NBA yao.

Tafuta video ya zile sekunde za Madrid. Kisha uniandikie: wewe ungemfanya nini Divac asubuhi yake?

Baba yako