Krismasi na wapenda magari ya zamani: nimpe nini?

Habari za kazi fundi. Mume wangu ana Volkswagen Beetle ya miaka ya 60, jumamosi nzima yuko chini yake. Nimemwambia aandike anachotaka Krismasi, kaniletea karatasi: plagi, pointi na kondensa, mpira wa mafuta, fila geji, chaja ya betri ya volti 6. Jamani hiyo nayo ni zawadi? Mimi nilishaiona redio nzuri ya bluetooth. Nishauri. Mama Wawili

Mama Wawili, nakuomba mnunulie vyote kama alivyoandika, hiyo karatasi imeandikwa na mtu anayelijua gari lake.

Tuanze na mpira wa mafuta, huo ndo wa maana kuliko vyote. Beetle tanki liko mbele injini iko nyuma, petroli inapita chini ya gari lote na ikifika mwisho inaingia kwenye vipande vya mpira karibu kabisa na injini yenye moto, sasa mpira ukizeeka unakauka, unapasuka, petroli ikivuja ikakutana na joto au cheche gari linaungua, na Beetle nyingi zimeshapotea hivyo hivyo. Alafu petroli nyingi za siku hizi zinachanganywa na ethanoli ambayo inaharibu haraka mpira wa kizamani, kwa hiyo ukifika dukani sema unataka unaostahimili ethanoli, na klipu mpya za kuubana. Chukua na kipande cha ule wa zamani ili wapime upana.

Redio iache. Akikuandikia chaja ya volti 6 ujue umeme wa gari lake ni volti 6, Beetle nyingi hadi katikati ya miaka ya 60 zilitoka hivyo, na redio za sasa ni za volti 12. Hata hiyo chaja yenyewe soma boksi kabla hujalipa, nyingi ni za 12 tu. Anaihitaji kweli maana gari la hivi linakaa wiki kibao bila kuwashwa, betri inajiishia yenyewe taratibu, na ikikaa muda mrefu bila chaji chumvi ya salfeti inaganda kwenye sahani za ndani, ikishafika hapo kuifufua ni kazi.

Fila geji ni vibati vyembamba vya kupimia nafasi: pointi, zile zinazokata na kuunga umeme wa cheche, kama milimita 0.4, valvu 0.10 au 0.15 kutegemea mwaka wa injini, na valvu zinapimwa injini ikiwa baridi. Nafasi ikibana sana valvu haifungi sawasawa, inaungua. Anataka kufanya mwenyewe, na utamu wa haya magari uko hapo hapo, mtu anafungua, anapima, anafunga, anasikia injini imetulia, bila kompyuta wala kumsubiri mtu. Mwachie huo utamu dada yangu.

Shikamoo fundi. Baba ana Land Rover Series II, nataka kumpa seti ya spana za milimita, zile kubwa za kwenye sanduku. Ni sawa? Kitinda Mimba

Marahaba mwanangu. Hapana, za milimita hapana. Magari ya Uingereza ya enzi hizo nati zake ni za inchi, na Land Rover za zamani unakuta zimechanganya vipimo vya inchi visivyolingana, nyingine za Whitworth na BSF, nyingine za UNF, spana ya milimita utaona kama imekaa ila ukikaza inakula kona za nati, na nati ya hivyo ikiwa na kutu ndani utalia. Mchungulie anatumia zipi. Pia ukishawishika kumnunulia kitu chochote cha umeme, uliza kwanza, kwa sababu magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 60 yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi badala ya hasi, kifaa cha kisasa ukikiunga kama ulivyozoea kinaungua hapo hapo.

Ila kama ningekuwa mimi ningempa stendi nne imara za kuwekea gari. Jeki ni ya kunyanyulia tu, asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Fundi, kaka ana Peugeot 404, nimepata tairi nne hazijawahi kugusa barabara, zilikuwa stoo muda mrefu. Nimpe?

Angalia ubavuni palipoandikwa DOT, kuna tarakimu nne za mwisho, 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo, ukizidi miaka kumi usimpe ndugu yako, hata kama kashata zote zipo.