Mwenye uwezo ndiye aanze: niliyojifunza kwa Wayahudi kuhusu kifo

Nimehudumia wazee majumbani huku Maryland, Marekani, kwa muda mrefu sasa, na nyumba nyingi nilizoingia ni za Wayahudi. Mimi ni Mlutheri kutoka Moshi, sijabadili dini wala sina mpango huo. Lakini kuhusu kifo, na kuhusu kuishi huku ukijua utakufa, Wayahudi wamenifundisha mambo ambayo natamani familia zetu ziyazungumze mapema, kabla msiba haujabisha hodi.

Bibi mmoja niliyekuwa naye mpaka mwisho wake alitoka katika familia inayoshika sheria za dini yao barabara. Hali yake ilipozidi kuwa mbaya nilimuuliza binti yake, kwa mazoea ya nyumbani kwetu, nani atakwenda kuchagua jeneza. Akanijibu kwamba lilishachaguliwa kabla yeye hajazaliwa. Ni sanduku la mbao tupu, bila rangi wala urembo. Ndani yake ni sanda nyeupe ya kitani isiyo na mfuko hata mmoja. Mwili unaoshwa na watu wa kujitolea kutoka kwenye jumuiya yao, wanawake kwa mwanamke na wanaume kwa mwanamume, na mtu hukaa karibu na maiti akisoma Zaburi hadi wakati wa kuzika. Maziko hayacheleweshwi. Ndugu zangu Waislamu mnaosoma hapa mnaona wenyewe tulivyo karibu.

Utaratibu huo una historia, na hapo ndipo nataka tukae kidogo. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, katika sehemu inayoitwa Moed Katan, inasimulia kwamba zamani matajiri walipeleka chakula kwa wafiwa kwenye vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini kwenye vikapu vya fito za mierebi. Maskini wakaona haya. Marabi wakaagiza watu wote watumie vikapu vya fito. Vinywaji navyo vilipelekwa kwenye vyombo vya kioo cheupe kwa matajiri na kioo cha rangi kwa maskini, ikaamuliwa wote watumie cha rangi. Maiti za matajiri zilibebwa uso wazi, za maskini zilifunikwa kwa sababu miaka ya njaa ilikuwa imezikausha nyuso na kuzitia weusi. Ikaamuliwa wote wafunikwe.

Halafu inakuja habari inayouma. Gharama za kumtoa maiti zilipanda mpaka zikawa mzigo mzito kwa jamaa kuliko kifo chenyewe, hata wengine wakawa wanamwacha maiti wao na kukimbia. Akatokea Rabban Gamliel, mkuu aliyekuwa na uwezo wa kuzikwa kwa fahari yoyote aliyoitaka, akajishusha: akazikwa kwa sanda ya kitani tu. Watu wakamfuata. Vizazi kadhaa baadaye Rav Papa, mwalimu wa Talmudi, anasema watu sasa wanazika hata kwa kitambaa duni cha thamani ya sarafu moja.

Angalia nani alianza. Maskini akimzika baba yake kwa jeneza la mbao rahisi, mtaa mzima utasema. Tajiri akifanya hivyo, mtaa mzima unapumua. Ndiyo maana ushauri wangu nauelekeza kwako wewe mwenye kazi nzuri, mwenye jina, ambaye kamati ya mazishi itakaa ikijua kwamba michango itajaa. Baba mdogo alipougua, fedha za dawa zilitafutwa kwa tabu miezi mingi. Alipofariki, za jeneza, turubai, sare za msiba na mpiga video zilipatikana upesi ajabu, na hazikutosha. Mama mdogo alibaki na deni. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mtu aliogopa kuonekana hakumpenda marehemu. Mtu pekee ambaye angeweza kuwaondolea hofu ile ni marehemu mwenyewe, kama angesema mapema.

Baada ya kuzika, familia ya yule bibi ilikaa shiva, yaani matanga ya siku saba. Nilisaidia kufunika vioo vya kujitazamia vya nyumba, kama desturi yao ilivyo. Tulitumia foronya na shuka za kitanda. Wafiwa waliketi kwenye viti vifupi, mlango haukufungwa kwa ufunguo, na mlo wao wa kwanza kutoka makaburini uliletwa na majirani: mayai ya kuchemsha, mkate na dengu. Wafiwa hawapiki mlo huo. Nilikumbuka misiba mingapi ya kwetu nimemwona mjane anaulizwa mchele uko wapi.

Lililonigusa zaidi ni jinsi wageni walivyoingia. Waliketi kimya. Kwa desturi yao mgeni hamsemeshi mfiwa mpaka mfiwa aanze, na wanaitoa kwa marafiki wa Ayubu, waliokaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno. Jaribu hili msiba ujao. Sema "pole", kaa, nyamaza. "Kazi ya Mungu haina makosa" ina imani kubwa ndani yake, lakini mwachie mfiwa aiseme mwenyewe siku akiwa tayari. Mama aliyezika mtoto asubuhi hahitaji kuisikia kutoka kwa kila anayempa mkono. Akianza kuzungumza, muulize kuhusu marehemu, alipenda nini, alikuwa anachekesha vipi. Pale shiva watu walisimulia habari za yule bibi ambazo hata binti yake hakuwa amezisikia.

Je, wanaamini mtu anakwenda wapi? Niliuliza sana, nikapata majibu mengi. Torati yenyewe inasema machache mno. Danieli 12 inataja wafu watakaoamka. Wasomaji wa Matendo ya Mitume mnajua kwamba Masadukayo walikana ufufuo na Mafarisayo wakaukubali, na mafundisho ya Mafarisayo ndiyo yaliyoendelea. Maimonides, rabi na mwanafalsafa mashuhuri wa karne ya 12, aliuweka ufufuo wa wafu kuwa msingi wa mwisho kati ya misingi yake 13 ya imani. Wapo Wayahudi wa leo wanaosema roho tu ndiyo hudumu, na wapo wasiosema lolote. Hukumu ya waovu huko Gehinomu, mahali pa adhabu baada ya kifo, kwa mujibu wa Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, ni miezi 12. Kwa hiyo mtoto humsomea mzazi sala ya kadishi kwa miezi 11, asije akaonekana anamhesabu mzazi wake miongoni mwa waovu. Heshima ya namna hiyo kwa mzazi ilinitoa machozi.

Kadishi haitaji kifo popote. Ni kumsifu Mungu, na haisomwi bila watu wazima kumi. Mfiwa analazimika kutoka nyumbani na kwenda kukaa na watu, hata siku ambayo hataki kuonana na mtu. Tungekuwa na kitu kama hicho baada ya kuvunja matanga, wakati simu zinaponyamaza na wageni wameondoka, wajane wengi wasingeachwa peke yao.

Kuhusu maisha mema, Rava, mwalimu mwingine wa Talmudi, anasema swali la kwanza mtu atakaloulizwa hukumuni ni kama alifanya biashara zake kwa uaminifu. Mambo ya kujifunza Torati yanafuata baadaye. Naye Rabbi Eliezer aliwaambia wanafunzi wake watubu siku moja kabla ya kufa. Wakamuuliza, mtu ataijuaje siku yake? Akasema, basi atubu leo. Na Mishna inaongeza kwamba Siku ya Upatanisho haifuti kosa ulilomtendea mwenzako mpaka kwanza umridhishe yeye. Kila ilipokaribia siku hiyo yule bibi aliniomba simu na kitabu chake cha namba, akaanza kupiga, mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja alimkatia simu. Bibi akaniambia, "Piga tena."

Basi fanya hivi wiki hii. Andika uzikwe wapi, na kama uko ughaibuni sema wazi kama mwili usafirishwe, maana kuusafirisha ni maelfu ya dola. Weka kikomo cha bei ya jeneza. Sema kama unataka sare au hutaki. Andika unaowadai na wanaokudai, na wale ambao hamsemeshani, kisha hao uanze kuwapigia simu. Wape nakala watu wawili walio hai na wenye msimamo, wasomewe kabla. Karatasi iliyofungiwa kabatini husomwa watu wakishatoka makaburini.

Yangu inasema nizikwe hukuhuku, kwa jeneza la mbao za kawaida, na michango itakayozidi ilipe ada za watoto wa dada. Mama alikataa. Tumezungumza mara nyingi kwenye simu, na sasa amekubali habari ya jeneza. La kuzikwa huku bado tunazungumza.