Hisabati tupu na mgonjwa wa Muhimbili
Ndugu, umeuliza kama hisabati tupu, yaani ile isiyolenga matumizi, inayofundishwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina faida yoyote kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Muhimbili. Faida ipo, na mfano ulio wazi ni CT scan, kipimo cha eksirei kinachotoa picha ya ndani ya mwili kwa msaada wa hesabu.

Mwali mmoja wa eksirei unapopenya kichwa hutoa namba moja tu, yaani jumla ya kiasi ulichopunguzwa nguvu na mfupa, ubongo na damu njiani, bila kueleza nani alipunguza kiasi gani. Lakini ukipitisha miali mingi kutoka pembe nyingi, unapata milinganyo ya kutosha kukokotoa kilichomo katika kila nukta ya ndani. Mwanahisabati Johann Radon alikwisha kuonyesha mwaka 1917 kwamba hesabu hiyo inawezekana, ingawa hakuwa akifikiria hospitali hata kidogo.

Allan Cormack, mwanafizikia aliyesimamia mionzi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956, aliibua upya hesabu hiyo bila kujua habari za Radon, akaijaribu kwa duara la alumini lililozungushiwa mbao. Makala zake za 1963 na 1964 karibu hazikujibiwa na mtu, jambo ambalo wanaodai matokeo ya haraka kwa kila utafiti wangelitafakari. Mhandisi Godfrey Hounsfield wa Uingereza ndiye aliyeunda mashine iliyompima mgonjwa wa kwanza mwaka 1971, na wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979, ilhali hakuna kati yao aliyekuwa daktari wa tiba.