Menyu ya gemu ya Kijapani: anza na ubao wa mchongaji, sakura baadaye

Mkuu, umeuliza namna ya kuchora menyu na viashiria vya gemu yako ya samurai ya kwenye simu bila kuishia kufanana na mgahawa wa sushi. Kazi yangu ni kuchora violesura vya gemu, na mojawapo ilikuwa ya zama za Edo, yaani Japani ya enzi za samurai, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Mwenye haraka apite.

Kwanza toa mapambo yote uliyoweka: petali za sakura (maua ya mcheri) zinazodondoka, lango jekundu la hekalu, fonti ya brashi yenye mikwaruzo. Jua lenye miale ndilo la kutoa kabisa. Korea na China watu wanaliona kama bendera ya jeshi la Japani lililowavamia, na huo ni ugomvi ambao gemu yako haiuhitaji.

Baada ya hapo jiulize picha za ukiyo-e, zile picha za zamani za Kijapani, zilitengenezwaje, maana wengi wanadhani ni kazi ya brashi tu. Zile ni chapa za mbao. Mchapishaji alitoa mtaji, mchoraji akachora, mchongaji akachonga ubao wa mti wa mcheri, mpiga chapa akapaka rangi na kugandamiza karatasi juu yake. Mistari ina ubao wake, na rangi nazo zikachongewa mbao zake. Kuanzia 1765, enzi za mchoraji Suzuki Harunobu, ndipo chapa za rangi nyingi zilipoenea. Kila ubao ni gharama, hivyo rangi zilitumika kwa hesabu, zikawa bapa, kila moja ndani ya mstari wake. Jiwekee sharti hilohilo: rangi ya karatasi, wino, buluu, kijivu, na nyekundu moja tu ambayo haigusi kitu chochote isipokuwa kile mchezaji alichokichagua. (Na ile buluu maarufu ya picha ya wimbi ya mchoraji Hokusai, ya mwaka 1831 hivi, ni rangi iliyobuniwa Ulaya. Wanaodai "asili tupu" wapunguze ukali.)

Sasa fungua picha ya mchoraji Hiroshige ya 1857, ile ya mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ōhashi, na uikuze. Juu kabisa kuna ukanda mweusi wa wingu unaofifia kadiri unavyoshuka. Huo unaitwa bokashi: mpiga chapa anaufifisha kwa mkono, rangi ikiwa bado mbichi juu ya ubao. Kona ya juu kulia kuna jina la picha ndani ya visanduku vyenye rangi yake ya nyuma. Watu wanaokimbia mvua darajani hawajafunikwa na herufi hata moja. Mkuu, hicho tayari ni kiolesura! Ukanda uliofifia ndipo uhai na alama zinapokaa, kisanduku cha kona ndipo jina la eneo linapokaa, na katikati unamwachia mchezaji apigane.

Kusomeka ndiko kunakowaangusha wengi. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, unataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma usipungue 4.5 kwa 1. Wino mweusi juu ya rangi ya karatasi unapita bila jasho. Nyekundu juu ya buluu usijaribu, hasa kwa mtu anayecheza juani.

Upau wa uhai wenye umbo la mpigo wa brashi unapendeza kwenye picha ya matangazo tu. Kwenye mapigano, ncha yake iliyochanika inamfanya mchezaji asijue amebakiwa na kiasi gani. Weka mikwaruzo kwenye kingo za juu na chini, lakini pale uhai unapoishia pakatwe wima, safi. Na usiuvute kwa ile mbinu ya kugawa picha vipande tisa, kona zikibaki zilivyo na katikati ikivutwa. Nyuzi za brashi zinarefuka kama lastiki na kila mtu anaona. Chora urefu wa aina tatu, basi. Ule ujanja wa kusogeza rangi pikseli mbili nje ya mstari, kama chapa iliyokosewa kidogo, nao ni mzuri kwenye vichwa vikubwa. Kwenye maandishi madogo ya simu ya bei rahisi unageuka ukungu.

Ukitaka mifano, cheza gemu ya Okami ya 2006. Ukiita brashi, dunia inasimama na kugeuka karatasi, unachora juu yake, na wino wenyewe una kiasi. Ghost of Tsushima ya 2020, ambayo ni kazi ya Wamarekani, iliondoa ramani ndogo ya pembeni; upepo ndio unaovuma kuelekea unakokwenda. Binafsi naona hiyo ya pili ni ngumu kuiga kwenye simu, skrini ndogo mno kuona nyasi zinainamia wapi.

Kuhusu menyu ya wima: Kijapani kinashuka chini vizuri, "Mipangilio" ukiishusha herufi moja moja inakuwa mateso. Acha visanduku viwe wima, maneno yalale. Muhuri mwekundu wenye herufi za Kijapani mpe mtu anayeisoma lugha auhakiki kabla hujaupachika, usinakili tu mtandaoni.

Picha za kujifunzia zipo bure. Metropolitan Museum ya New York tangu 2017 imeachia picha za kazi zake zilizo mali ya umma (zisizobanwa na hakimiliki), unapakua kwa ukubwa wa kutosha kuona hadi nyuzi za karatasi.

Ukimaliza weka hapa skrini ya mapigano tuione. Ya mwanzo baki nayo, hiyo kila mtu huwa anaipendezesha.