Usirushe hilo tangazo la kampeni kwa wateja kabla hujaisoma sheria yenyewe

Mkuu, futa hilo tangazo. Umeandika mengi: umepata leseni ya udalali wa nyumba California, chama cha madalali cha jimbo kimekualika Sacramento kuonana na wabunge, unauliza uvae nini, uchangie kiasi gani kwenye mfuko wa siasa, na seneta umwambie nini kwa dakika chache utakazopewa. Sawa. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, unasema umeshatengeneza tangazo lenye picha yako na namba ya leseni la kuwahimiza wateja wapige "ndiyo" kwenye kura ya jimbo, na Jumamosi unalirusha kwenye magrupu. Hapo ndipo nilipoiacha chai yangu ikapoa.

Mimi la kwangu nililirusha mwaka 2020, la "Prop", yaani pendekezo la sheria linalopigiwa kura na wananchi wenyewe wa jimbo. Prop 19.

Kwa wasioishi huku: tangu Prop 13 ya mwaka 1978, kodi ya majengo California ni asilimia 1 ya thamani iliyoandikwa kwa mthamini wa kaunti, ukiachilia mbali tozo ndogondogo za mitaa, na thamani hiyo haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba ibadilishe mmiliki. Aliyenunua zamani analipa kiduchu, jirani yake aliyenunua jana anatoa jasho. Ndiyo maana kabla ya 2021 wazee wengi waling'ang'ania nyumba za vyumba vinne walizoishi peke yao: wakihama, mara nyingi kodi ilianza upya. Na mzee asiyehama hatupi kamisheni. Akihama tunakula mara mbili, kwa anayoiuza na kwa anayoinunua. Hiyo ndiyo siasa yetu madalali wa jimbo hili, tusipambe.

Mwaka 2018 chama kilipeleka Prop 5, wenye miaka 55 na zaidi wahame na kodi yao ya zamani. Wapiga kura waliipiga chini vibaya, maana serikali za mitaa zingepoteza mapato. Mwaka 2020 wakarudi na Prop 19, safari hii pengo likazibwa kwa kuwabana warithi, sehemu ya mapato ikaahidiwa zimamoto, na chama cha wazima moto kikaingia kwenye kampeni. Akili nyingi, sikatai. Ikapita kwa asilimia 51 na ushee.

Sasa bosi wa ofisi yetu wa wakati huo. Alituita kwenye Zoom akatupa mistari ya kusema: wazee, walemavu, wahanga wa moto wa nyika. Nusu ya pili ya sheria, ile ya warithi, aliipitia kwa sentensi moja, eti ni kuziba mwanya wa matajiri wanaorithi majumba ya ufukweni. Nani awaonee huruma watoto wa matajiri? Nikatafsiri yote kwa Kiswahili safi, nikaweka picha nimepiga suti natabasamu kama mgombea udiwani, nikarusha: grupu la Watanzania wa Bay Area (eneo la San Francisco), grupu la kanisa, grupu la msiba. Nilisifiwa sana. Nadhani ni tafsiri bora kuliko zote nilizowahi kufanya za kitu ambacho sijakisoma.

Mzee mmoja, mteja wangu, akanipigia. "Mwanangu, hii haiwagusi watoto wangu kweli?" Nikamjibu, "Hapana mzee, hiyo ni ya matajiri wa ufukweni kule Malibu." Nilijibu haraka haraka, naendesha gari.

Mzee alikuwa amenunua nyumba Hayward mwaka 1987 kwa dola 95,000. Kwa ile asilimia 2 ya kila mwaka, kwa mthamini ilikuwa imefika kama 182,000, kodi ya msingi dola 1,820. Akafariki Agosti 2021. Watoto wawili, mmoja yuko Houston, mwingine ana nyumba yake Sacramento. Ya baba wakaipangisha ili isaidie mama yao mdogo Tanga. Kwa sheria ya awali, iliyokuwepo tangu 1986, wangeendelea na kodi ileile hata kwa nyumba ya kupangisha. Kwa Prop 19, mtoto lazima ahamie humo ndani ya mwaka mmoja pawe makazi yake, na hata akihamia nafuu ina kikomo. Ya kupangisha haipati kitu.

Barua ya kaunti ikaja. Thamani mpya 870,000, kodi ya msingi 8,700, inahesabiwa tangu siku aliyofariki. Wakauza. Wala hawakuuza kupitia kwangu. Yule binti wa Houston alinitumia picha ya tangazo langu, bila salamu, bila neno. Sijui angesema nini zaidi.

Kinachonichoma hasa ni hiki. Kipengele cha warithi kilianza tarehe 16 Februari 2021. Kura ilipigwa Novemba. Kulikuwa na miezi mitatu na zaidi ambayo mzee angeweza kukaa na wakili akapimiwa kama inafaa kuwahamishia wanawe hati chini ya sheria ya zamani. Si lazima ingemlipa, maana kuna kodi nyingine upande wa pili, lakini angechagua mwenyewe. Bosi wetu alichagua. Januari aliwahamishia wanawe nyumba mbili. Alitusimulia mwenyewe mwaka uliofuata kwenye nyama choma, kopo la bia mkononi, anacheka, anatuambia "lazima uwe macho". Sisi alitupa mistari ya kusema, yeye akasoma vifungu. Niliacha ofisi ile, na nyama yake sikuimaliza.

Na usinielewe vibaya, sisemi sheria yote ni mbaya. Nimemhamisha bibi mmoja kutoka Oakland kwenda Fresno karibu na wajukuu, kodi yake akaenda nayo, na kamisheni nikala bila aibu. Ninachosema ni kwamba jina lako na namba ya leseni visikae kwenye kura yoyote ambayo hujaisoma sheria yenyewe, kifungu kwa kifungu. Muhtasari wa chama hautoshi, na semina ya bosi ndiyo kabisa. Sheria yenyewe. Wateja wetu hawamjui rais wa chama, wanakujua wewe uliyekula ubwabwa kwenye harusi ya binti yao.

Kuhusu mchango, kile kiasi kwenye bili ya ada ya mwaka ni cha hiari, kiangalie kabla hujabonyeza kulipa. Na kama uko kwenye viza au kibali cha kazi tu, bado huna green card, usitoe hata senti: sheria ya shirikisho inakataza, na uchaguzi wa jimbo umo humo humo.

Tangazo lako umesema linahusu kura ya jimbo. Basi chukua kile kijitabu cha wapiga kura kinachotumwa nyumbani, ruka hoja za kutetea na za kupinga, soma uchambuzi wa mchambuzi wa bunge, kisha nenda kurasa za nyuma kabisa zenye herufi za kuumiza macho. Maneno yanayofutwa yamepigwa mstari katikati, mapya yako kwa italiki. Anza na yale yaliyopigwa mstari.