Jibu: Kuonyesha takwimu za n8n kwenye ukurasa wa wavuti

Ndugu, umeuliza namna ya kuwaonyesha wanachama wenu wa Moshi, kwenye ukurasa wenu wenyewe, uzito wa kahawa ambao n8n (programu ya kuunganisha mifumo na kuendesha kazi zenyewe) huukusanya kila jioni kutoka vituo vya Marangu na Kibosho. Unaweza kuuanza mtiririko, yaani mfuatano wa hatua (nodi) ndani ya n8n, kwa nodi ya Webhook, ambayo huuamsha anwani yake ya wavuti inapoitwa, na kuumalizia kwa nodi inayorudisha majibu ya JSON (data iliyoandikwa kwa mpangilio ambao programu husoma), kisha JavaScript, yaani msimbo wa ukurasa, ikayasoma na kuyapanga kwenye jedwali.

Hata hivyo, kwa takwimu zinazobadilika mara moja kwa siku, sioni sababu ya kila anayefungua ukurasa kuuamsha mtiririko mzima. Ni afadhali mtiririko uandike matokeo kwenye faili la JSON ndani ya seva inayohifadhi tovuti, na ukurasa usome faili hilo tu. Hivyo hata n8n ikizimika, kwa mfano umeme ukikatika ofisini, wanachama wataendelea kuona takwimu za jana. Weka pia saa ya sasisho la mwisho, maana mkulima hukasirishwa zaidi na takwimu kuukuu zinazojifanya mpya.

Ukichagua Webhook, kumbuka kwamba anwani ya majaribio ya nodi hiyo hufanya kazi unapojaribu tu, na kwamba kivinjari huzuia majibu yanayotoka kikoa kingine (jina jingine la tovuti) yasiporuhusiwa, hivyo hakikisha kikoa cha tovuti yenu kimeruhusiwa katika mipangilio ya CORS ya nodi hiyo, yaani orodha ya tovuti zinazoruhusiwa kusoma majibu. Nywila na funguo za siri zibaki ndani ya n8n, kwa kuwa msimbo wa ukurasa husomwa na yeyote.