Mama Ameacha Dawa Siku ya Tano

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Mama yangu ana miaka 61. Siku chache baada ya Idi alitapika damu, tukamkimbiza mjini kwa boti. Wakasema ni vidonda vya tumbo na wadudu, akalazwa siku nne, akaruhusiwa na dawa za siku 14. Siku ya tano kaziacha: mdomo una ladha ya shaba, na tumbo haliumi tena. Mama wadogo wamempiga marufuku pilipili na achari, wanamnywesha maziwa mchana kutwa. Naye anataka kufunga Sita za Shawwal. Nimuuguze vipi? – Binti, Matondoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Ladha ya shaba ni ya klarithromisini, moja ya dawa za kuua wadudu, na itaondoka dozi ikiisha. Kutoumwa si kupona. Omeprazoli imezima asidi ya tumbo tu, wadudu, yaani bakteria waitwao H. pylori, wangali wamo, na dozi iliyokatwa huwafunza kuishinda dawa. Kesho asubuhi rudini na vidonge vilivyobaki na karatasi yake, waamue kama ataendelea au ataanza upya. Hilo usiliamue wewe, wala mimi niliye huku Shela.

Nilipofundishwa uuguzi tuliambiwa vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Daktari Barry Marshall wa Australia alipinga, akisema ni bakteria, hadi mwaka 1984 akawanywa mwenyewe, na ndani ya siku chache ukuta wa tumbo lake ukapata uvimbe. Mwaka 2005 yeye na mwenziwe Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo waambie mama wadogo achari haikumtoboa mtu tumbo. Ikimchoma aiache, isipomchoma, kijiko kimoja na wali si dhambi. Maziwa hutuliza kidogo kisha huchochea asidi zaidi, basi kikombe kimoja kinatosha. Apikiwe anachokipenda, kidogo kidogo, na omeprazoli ainywe nusu saa kabla ya kula.

Sasa hukuandika, lakini nauliza: magoti yanamsumbua? Wanawake wengi wa umri wake niliowauguza walikuwa na kifuko cha vidonge vya maumivu ndani ya mkoba wa tambuu, diklofenaki au ibuprofeni ya dukani, wanameza kama njugu. Hizo, na aspirini, hutoboa tumbo hata pasipo wadudu. Tafuta kifuko hicho kwa adabu, ukitoe. Kama daktari ndiye aliyempa aspirini ya moyo, usiiguse kabla hujamuuliza. Kwa maumivu mpe parasetamoli.

Lililobaki ni kinyesi, na hapa usione haya. Wodini nilikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akijibu kila siku, “Choo kizuri, alhamdulillahi,” hadi nilipompa beseni jeupe, nikakiona: cheusi, kinanata kama lami, na harufu ambayo muuguzi akiinusa mara moja haisahau. Alikuwa anavuja damu kimyakimya. Vyoo vyetu vya shimo ni giza, kwa hiyo nawe mtafutie mamako beseni, mwambie ni amri yangu, lawama niachie mimi. Kama anameza vidonge vya kuongeza damu, choo kitakuwa cheusi au kijani kilichokolea, ila hakinati wala hakina harufu ile. Ukishindwa kutofautisha, kichukulie kuwa ni damu.

Choo cha lami, matapishi mekundu au yenye rangi ya mashapo ya kahawa, kizunguzungu akisimama, jasho baridi, mshipa wa mkono unaopiga zaidi ya mara 100 kwa dakika akiwa amelala: lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali saa ileile. Vilevile maumivu ya ghafla na tumbo gumu kama ubao. Hapo asile wala asinywe.

Sita za Shawwal ni sunna, na tumbo lililovuja damu juzi halistahili njaa ya kutwa. Amwulize sheikh wake, lakini mimi nasema siyo mwaka huu.

Akimaliza dozi, baada ya wiki nne arudi kupimwa kinyesi kama wadudu wamekwisha. Omeprazoli aiache wiki mbili kabla ya kipimo, daktari akikubali. Na leo hii, kabla ya Magharibi, jua nani Matondoni ana boti yenye mafuta, na nani atawapeleka kwa nchi kavu maji yakikupwa usiku.